Upepo wa Juni na vilindi vya moyo

Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusini hulichafua Ziwa Victoria. Wavuvi wa Kemondo na Muleba wanaujua. Ila upepo huohuo hupoza maji ya juu, yakawa mazito, yakazama na hewa yake hadi vilindini, na rutuba ya chini ikapanda juu. Miezi ya joto maji hayachanganyiki hivyo; huko chini hewa hupungua, samaki hawakai. Nikiliangalia ziwa, naona kwamba utulivu si lazima uwe amani. Kuna dhambi tunaificha chini kabisa, huku juu tunaimba kwaya vizuri tu. Roho Mtakatifu akikusukuma kwenye Kitubio, usimkimbie. Mwache afike chini. Tuombeane.