Shika Kisu, Gundam Bado Haijawa Yako

Umefungua boksi, umekata vipande kwenye fremu, umevibana kimoja baada ya kingine kama kijitabu kilivyoagiza, na sasa Gundam yako, roboti ya plastiki, imesimama mezani. Hongera! Lakini tuambizane ukweli, ndugu yangu: yako na ya kila aliyenunua boksi kama hilo, awe Osaka au Mombasa, ni pacha. Kiwanda cha Bandai kule Shizuoka, Japani, kimemaliza kazi yake. Zamu ni yako. Shika kisu.

Hapo ndipo wengi hunywea. “Nitaiharibu.” “Acha kwanza ninunue vile vinakshi vya chuma.” Unasubiri nini? Katuni ya Mobile Suit Gundam ilianza kuonyeshwa Japani mwaka 1979, na Julai 1980 Bandai wakatoa modeli ya kwanza, bei yeni 300. Ilikuwa ya kubandika kwa gundi, rangi ujipakie mwenyewe, na miguu yake ilikunjika kwa shida. Vijana wa wakati ule hawakukaa kulalamika. Walikata viungo wakavisuka upya, wakarefusha mapaja, na mwaka 1981 wachapishaji wa Hobby Japan wakatoa How to Build Gundam, kitabu kizima cha kazi kama hizo. Mmoja wa waundaji hao, Katsumi Kawaguchi wa kundi la Streambase, baadaye akaajiriwa na Bandai wenyewe!

Sasa piga hesabu kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Gundam ya kwenye hadithi ina urefu wa mita 18. Kwa kipimo cha 1/144 inabaki sentimita 12.5, na rubani wake hafiki hata milimita 13. Kwa hiyo ukibandika kwenye paja kipande cha plastiki chenye unene wa nusu milimita, umeongeza deraya nene ya sentimita 7.2. Ukitengeneza ngazi ya fundi wa kupanda kifuani, vidato vyake viachane kwa milimita 2 tu. Ukivitanua hadi milimita 5, roboti yako inageuka kikaragosi papo hapo. Ukubwa wa mashine unasomeka kwenye vitu vidogo: mlango, bawaba, kishikio. Kiwanda mara nyingi hakivitii, wewe utavitia.

Anza na paja, bapa lake la nje. Bandika utepe wa karatasi juu yake, chora umbo unalolitaka, bandua, hamishia kwenye shiti ya polistireni. Gandisha shiti mbili pamoja ili paja la kulia na la kushoto yalingane. Weka rula ya chuma, pitisha kisu taratibu mara tatu nne bila kukandamiza, halafu kunja. Shiti itakatika pale pale kwenye mstari. Piga kingo msasa namba 400, kisha 800. Gundi nyepesi iguse ukingoni tu kwa brashi, yenyewe itajipenyeza chini.

Na zile fremu usithubutu kuzitupa! Tafuta iliyoandikwa PS, yaani polistireni. Ipashe juu ya mshumaa bila kuigusisha moto, dirisha likiwa wazi, huku ukiizungusha. Ikilegea, itoe pembeni uvute: ukivuta haraka unapata uzi mwembamba wa antena, ukivuta polepole unapata bomba la mafuta. Bure kabisa. Mafundi wa Star Wars ya 1977 nao walichomoa vipande vya modeli za vifaru na ndege wakavipachika kwenye vyombo vyao vya angani, na dunia nzima ikaamini.

Ila usijaze kila pengo. Binafsi nikiona roboti iliyofunikwa na vinundu kila mahali, naona fundi aliyeogopa uwazi. Sehemu pana iliyoachwa tupu ndiyo inayoupa nguvu ule msongamano mdogo wa pembeni.

Ukimaliza, nyunyizia rangi ya kijivu ya msingi. Ghafla hakuna cha kiwanda wala cha mkono wako, vyote mwili mmoja. Rangi hiyo itaumbua kila mkwaruzo na kila ufa. Vizuri! Ziba, rudia msasa, nyunyizia tena. Likikaa sawa paja hilo, hamia goti.