Ufunguo na Komeo

Hapa kambini tunaambiwa kila siku: jifunze lugha, milango itafunguka. Mimi ninafanya kazi na vijana, na maneno hayo nayasema karibu kila wiki. Swali ni hili: ahadi hiyo ni ya kweli?

Tumwangalie Anna May Wong. Alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1905, mtoto wa familia ya Kichina yenye kazi ya dobi. Alianza kuigiza wakati filamu hazina sauti. Maneno yaliandikwa kwenye vibao vilivyopita katikati ya picha. Ukibadilisha vibao, filamu ile ile inaeleweka Paris au Berlin. Mwigizaji aliongea kwa macho na mikono, basi. Mwaka 1922, akiwa na miaka 17, alikuwa mhusika mkuu wa The Toll of the Sea. Lakini baada ya hapo Hollywood ilimpa mara nyingi nafasi za mtumwa au mwanamke mwovu. Mwaka 1928 akaenda zake Ulaya.

Halafu filamu zikaanza kusema. Waigizaji wengi wakaingiwa na hofu, maana sasa lafudhi inasikika. Yeye jukwaani London alichekwa kwa Kiingereza chake cha Kimarekani. Akalipa mwalimu wa matamshi. Mwaka 1930 filamu yake ya kwanza ya sauti ilipigwa mara tatu, kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, na zote tatu aliigiza mwenyewe.

Kama lugha ni ufunguo, huyu dada alikuwa na funguo tatu mkononi.

Sasa sikiliza. Mwaka 1937 ilitoka The Good Earth, filamu ya wakulima wa China. Mume aliigizwa na Mzungu. Kanuni za sinema za wakati ule zilikataza mapenzi kati ya Mzungu na mtu wa rangi nyingine, kwa hiyo mke naye ilibidi awe Mzungu. Nafasi ikaenda kwa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, mwenye lafudhi ya kwao. Akapata na tuzo ya Oscar. Kumbe tatizo halikuwa lafudhi! Mgeni alipita nayo. Mzaliwa wa Los Angeles akabaki nje.

Kijana ataniuliza: basi nijifunze ya nini? Namjibu hivi. Mwaka 1933, akiwa London, Wong alilalamika gazetini kwamba Mchina kwenye sinema kila mara anafanywa mwovu. Alisema mwenyewe, kwa Kiingereza, bila mkalimani wa kumpunguzia maneno. Lugha haikumfungulia mlango ule, lakini ilimwezesha kumtaja aliyeufunga. Hilo si jambo dogo. Asiyeweza kusema huambiwa kosa ni lake, na mwisho anaamini.

Ufunguo haufungui mlango wenye komeo kwa ndani. Kwa hiyo naona ahadi yetu ni nusu tu. Kijana atalipa sehemu yake: usiku wa kusoma, aibu ya kuchekwa. Nusu nyingine iko kwa aliye ndani, mwajiri, afisa, jirani mwenyeji. Ninyi mnaotufundisha lugha, tunawashukuru. Ila mkimaliza somo, mtusaidie pia kuuliza: komeo limeshikwa na nani?