Kuhama Chama na Kutubu

Ibara ya 67 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 humzuia kugombea ubunge mtu ambaye, katika miaka 5 kabla ya uchaguzi mkuu, alitiwa hatiani na kutumikia kifungo kwa kosa lenye kuambatana na utovu wa uaminifu, yaani wizi, ulaghai na mengine ya namna hiyo. Muda huo ukishapita, Katiba haiulizi tena kama mhusika amebadilika au ameongeza umri tu, wala haina la kusema juu ya yule ambaye jina lake lilichafuka pasipo kufikishwa mahakamani. Hukumu hiyo ameachiwa mpigakura, na mpigakura wa Mbulu na Hanang ana sababu ya pekee ya kuitafakari, kwa kuwa mwaka 2015 wanasiasa wawili wenye asili ya nyanda hizo walijikuta wakilijibu swali hilo kwa namna zinazopingana.

Wa kwanza ni Dk. Willibrod Slaa, mzaliwa wa Mbulu, aliyekuwa padre kabla ya kuwa mbunge wa Karatu kuanzia 1995 hadi 2010. Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga jijini Dar es Salaam, alisoma majina 11 ya viongozi aliowatuhumu kwa ufisadi, likiwamo la Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati huo, ambaye Februari 2008 alijiuzulu kutokana na sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Chadema, chama kile kile cha Slaa, kilipompokea Lowassa Julai 2015 na kumsimamisha kuwania urais, Slaa alijiweka kando na tarehe 1 Septemba akatangaza kuachana na siasa za vyama. Wa pili ni Frederick Sumaye, mbunge wa Hanang kwa miaka 20 na Waziri Mkuu kuanzia 1995 hadi 2005, ambaye alikuwa amekemea kwa muda mrefu matumizi ya fedha katika chaguzi za chama tawala, CCM, na ambaye Agosti 2015 alikihama chama hicho akampigia kampeni Lowassa.

Haki inadai isemwe wazi kwamba Lowassa, aliyefariki dunia Februari 2024, hakutiwa hatiani na mahakama yoyote, na kwamba alilalamika kuwa kamati ya Bunge iliyochunguza mkataba ule haikumpa nafasi ya kujitetea. Linalotia uchungu hapa ni wepesi wa vyama vyenyewe: waliomwita fisadi walimwita mkombozi siku alipochukua kadi yao, na waliomtetea wakageuka kumshutumu, hadi aliporejea CCM Machi 2019 na kupokewa kwa shangwe. Mara zote mbili tuhuma hazikujibiwa wala hazikufutwa; zilinyamaziwa tu.

Kuhama chama, basi, kumepewa kazi ya toba, ilhali Mbulu, makao ya jimbo Katoliki, ni mahali ambapo watu wengi wamefundishwa tangu utotoni kwamba toba ina majuto, maungamo na malipizi, yaani tendo la kurekebisha kilichoharibiwa. Wabarabaig wa Hanang nao wana baraza la wanawake, ambalo mwanamume aliyemkosea mwanamke huitwa mbele yake, shauri lake hujadiliwa na wanawake wenyewe, naye hutozwa faini, mara nyingi ya mfugo, na akikaidi hukabiliwa na laana. Mkosaji hapimwi kwa ufasaha wa maelezo yake wala kwa kundi alilohamia. Ng'ombe ametoka zizini au hakutoka.

Siasa nayo ina malipizi yake. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 humtaka kiongozi kutoa tamko la mali na madeni kwa Kamishna wa Maadili, na hakuna kinachomzuia mgombea aliyewahi kushukiwa kuwasomea wananchi mali zake hadharani, kueleza alitia saini nini na kwa nini, na kukirudisha kisicho chake. Huko Basotu, wilayani Hanang, ambako wafugaji walipoteza malisho yao kwa mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, mgombea anayesema amebadilika hana budi kuulizwa habari za ardhi kabla ya habari za chama.

Kipimo hicho kinamhusu pia anayenyooshea wenzake kidole. Slaa aliteuliwa balozi mwaka 2017 na serikali ya chama alichokuwa amekipinga kwa miaka mingi, na Sumaye alirejea CCM Februari 2020. Kila mmoja alitoa sababu zake, na sababu hizo zinastahili kusikilizwa kwa utulivu, kisha kulinganishwa na yale aliyoyatenda katika miaka ambayo hakuwa akiomba kura ya mtu.