Sitara si kumziba mtu kinywa

Liko jambo katika miji yetu ya pwani lisilofaa kunyamaziwa. Vijana wetu, wake kwa waume, huahidiwa kazi njema katika nchi za Ghuba. Wafikapo, wako wanaonyang'anywa pasi, wakazuiliwa mishahara na kufungiwa milango. Baadhi yao hurejea. Je, ni ipi haki yao juu yetu?

Wako wasemao: "Alikwenda kwa ridhaa yake, basi na asubiri." Hoja hii haisimami. Mafakihi humpa aliyeghuriwa katika bidhaa khiyari ya kuirudisha. Seuze aliyeghuriwa katika nafsi yake? Na Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji wa binadamu haiihesabu ridhaa iliyopatikana kwa hadaa.

Wengine husema: "Tumsitiri, asiseme." Sitara ni jambo tukufu, lakini haikuwekwa kumfunikia dhalimu dhulma yake. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 148, aliyedhulumiwa ametolewa katika makatazo ya kutangaza maovu. Na Khawla binti Tha'laba, alipotamkiwa dhihari na mumewe, alikwenda mwenyewe kwa Mtume (S.A.W.) kutoa mashitaka yake, wala hakutuma wa kumsemea. Kisa chake ndicho kilichofungua Sura ya Al-Mujadila.

Lakini na tujihadhari na kosa la pili, nalo ni la wenye huruma. Aliyesafirishwa kwa hadaa alinyang'anywa, pamoja na pasi yake, uwezo wa kuamua mambo yake. Akija msaidizi akampeleka asikotaka, akamsimulia mbele za watu na kumpiga picha, amemtoa mkono mmoja na kumtia mwingine, ijapokuwa huu wa pili ni mlaini.

Yatupasa kumsikiliza bila ya kumhukumu, na kumjulisha milango iliyo wazi: hospitali, mshauri, wakili wa msaada wa sheria, na polisi. Ajue kwamba sheria hiyo hiyo yamkinga asishitakiwe kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake, na kwamba imeweka mfuko wa kuwasaidia walio kama yeye. Kisha achague mwenyewe mlango na siku. Akitaka wa kumsindikiza, tumsindikize. Akitaka kungoja, tungoje. Hatukatai kwamba kungoja kuna hasara: ushahidi hupotea, na wakala aliyemhadaa huweza kumhadaa mwingine. Aambiwe hilo kwa upole, kisha aamue.

Ama aliye mtoto hangojewi. Khabari yake ifikishwe kwa afisa wa watoto, au kwa simu 116, siku hiyo hiyo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyekilalia ndiye ajuaye pa kuanzia, na kazi yetu ni kuwa karibu naye atakapoinuka. Wabillahi tawfiq.