Sarafu Iliyochakaa

Somo: Luka 21:1–4



Sisi tuliofundisha watoto kuhesabu tuna tabia moja: hatutupi senti. Tangu tustaafu tunakusanya sarafu ndogo ndogo za zamani, ambazo leo hazinunui hata njiti ya kiberiti. Nyingine huletwa na wajukuu walioziokota shambani wakati wa kulima mihogo, nyingine tumepewa na wazee waliozitunza katika vibweta. Wapo wanaotucheka. Lakini kazi hiyo imetufundisha neno ambalo twapenda mlisikie, maana linatuhusu sote hapa Ngumbo.

Katika kibweta chetu imo hela ya Wajerumani, ya shaba, yenye taji upande mmoja. Fedha hiyo ilianza kutolewa mwaka 1904, hela 100 zikifanya rupia moja, na jina lake tunalitaja mpaka leo kila tusemapo "sina hela". Zimo senti za Waingereza zenye tundu katikati, lililozungukwa na pembe za ndovu. Moja ni ya mwaka 1936, ina jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyeacha kiti mwaka ule ule kabla ya kuvikwa taji. Tena zimo za kwetu za mwaka 1966: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, na thumuni yenye sungura.

Wakusanyaji wa sarafu huzipanga kwa madaraja. Huishika sarafu ukingoni wasiuguse uso wake, wakaichungulia kwa kioo cha kukuzia. Hutazama kwanza sehemu zilizoinuka, kwa kuwa hizo ndizo zinazolika mapema. Ile isiyopita mikononi mwa watu huwekwa daraja la kwanza. Ile iliyolika hata maandishi hayasomeki huwekwa nyuma kabisa. Na mtu akiisugua kwa mchanga au majivu ili ing'ae, ameiharibu. Wajuzi huiona mara moja, na thamani yake hushuka.

Madaraja hayo yanamfaa mkusanyaji. Lakini fikirini, ndugu. Sarafu ya daraja la kwanza ni ile ambayo haikununua chumvi, haikulipa ada ya mtoto, haikumfikia mgonjwa. Ilikaa tu. Iliyochakaa ndiyo iliyofanya kazi iliyotengenezewa.

Basi Bwana wetu alipoketi hekaluni akitazama watu wakitoa sadaka, alipanga kwa daraja lake mwenyewe. Matajiri walitia vingi. Mjane maskini akatia sarafu mbili, zile ndogo kuliko zote katika nchi ile. Yesu akasema huyu ametoa kuliko wote, kwa kuwa hakubakiwa na kitu.

Twasema haya kwa sababu wapo akina mama wajane vijijini kwetu ambao siku hizi hawaonekani Misani. Tulimtembelea mmoja, tukamwuliza kama anaumwa. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Nitakujaje na shilingi mia, nayo inalia ndani ya kapu, wakati wenzangu wanatia noti?" Huyu ni mama aliyelea yatima, aliyeanika usipa juani miaka na miaka, aliyefagia kanisa kabla wengi wetu hatujabatizwa. Mikono yake imelika kama senti ya tundu. Naye amejiweka daraja la mwisho, na sisi tumenyamaza.

Ndugu, sura ya mfalme juu ya sarafu hufutika kwa kushikwashikwa. Lakini Mwanzo 1:27 yatufundisha kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na mfano huo haufutwi na jembe, wala na uzee, wala na umaskini. Kwa hiyo mwenye kumdharau mjane kwa ajili ya sarafu yake amedharau chapa ya Mungu iliyo juu yake. Na wanaojisugua ili wang'ae mbele ya watu wakumbuke kwamba Mjuzi anaona.

Tufanye nini basi? Kwanza, wapokea sadaka waipokee shilingi kwa heshima ile ile waipokeayo noti. Pili, wazazi wawakanye watoto wanaogeuka na kucheka kapu linapolia. Tatu, kila nyumba imtafute mzee mmoja aliyepotea, imshike mkono, waje pamoja Jumapili. Yule mwanamke wa Luka 15 aliwasha taa na kufagia nyumba kwa ajili ya sarafu moja. Hakusema zimebaki tisa.

Serikali huja na fedha zake, na kila moja huondoa ya zamani. Hela ilikwisha, senti za tundu zilikwisha, na thumuni yenye sungura nayo haipokelewi tena dukani. Mungu hamwondoi mtu wake yeyote. Aliyechakaa katika utumishi bado anapokelewa, na kwa thamani yake yote.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.