Asili ya Neno na Haki ya Maana: Mfano wa Alama 檨

Je, asili ya neno ina mamlaka gani juu ya maana yake? Swali hili ni la kimaadili kama lilivyo la kiisimu, kwa kuwa anayedai kuijua asili hudai pia haki ya kuwasemea waliolitumia neno hilo kwanza.

Alama 檨, ambayo ni adimu nje ya Taiwan, humaanisha embe. Tunda lenyewe ni geni kisiwani humo. Kuletwa kwake huhusishwa na Waholanzi, waliotawala sehemu ya kisiwa kuanzia 1624 hadi 1662. Wasemaji wa Kihokkien huliita kwa jina linalotamkwa takriban suainn, ambalo linakaribiana na xoài la Kivietinamu na svay la Kikhmer. Jina hilo la mdomoni ndilo lililotafutiwa maandishi. Alama iliyoundwa ina pande mbili: kushoto ni mti; kulia ni 羨, iliyoazimwa kwa ajili ya sauti yake.

Hapa ndipo mtego ulipo. Ikisimama peke yake, 羨 humaanisha kutamani, na ndani yake mna kondoo na mate. Msomaji hushawishika kuhitimisha kwamba Wataiwan waliliona embe kuwa tunda la mti unaotamaniwa. Fasiri hiyo inapendeza, lakini haina msingi. Xu Shen, katika kamusi yake Shuowen Jiezi iliyokamilika mnamo mwaka 100, alikwisha kuzitenga alama za namna hii, ambazo sehemu moja huonyesha jamii ya kitu na nyingine matamshi.

Yamkini itadaiwa kwamba kosa hili halimdhuru yeyote, na kwamba maana huzaliwa katika usomaji. Dai hilo lina ukweli nusu. Mshairi ana uhuru wa kuyachezea mate na kondoo hao apendavyo. Mhakiki anapoligeuza zao la usomaji wake kuwa historia, hata hivyo, huwanyang’anya watu wa kawaida kazi yao: wao walilipokea tunda pamoja na jina, wala hawakutunga fumbo.

Leo Kimandarini hutumia mangguo kwa tunda hili, ilhali 檨 ingali hai katika vinywa vya Wahokkien na katika majina ya mahali kama Shezailin, yaani msitu wa miembe. Kuiheshimu alama hiyo ni kuisikiliza kabla ya kuitazama.