Nyimbo za Mababu: Tuzizike au Tuzitunze?

Liko swali ambalo limetufuata tangu siku zetu za ualimu, nalo ni hili: Je, Mkristo anayesimulia habari za miungu ya mababu zake, anaiabudu? Tulidhani tulikwisha kulijibu zamani. Lakini likizo iliyopita mjukuu wetu alilifufua.

Kijana huyu alikuja nyumbani na muziki uitwao metali. Magita yake huvuma kama mashine ya kusaga mahindi, na mwimbaji hunguruma kuliko kuimba. Tulimwambia auzime mara moja. Naye kwa adabu akajibu, "Babu, naomba usome maneno yake kwanza, ndipo uamue." Basi tukavaa miwani.

Kundi lenyewe ni Amorphis, lililoundwa Helsinki, nchi ya Ufini, mwaka 1990. Mwezi Septemba 1993 vijana hao walivuka bahari mpaka Stockholm, Uswidi, kwenye studio iitwayo Sunlight, ya fundi wa sauti Tomas Skogsberg. Huko walirekodi albamu yao ya pili, Tales from the Thousand Lakes, yaani Hadithi za Maziwa Elfu, iliyotoka mwaka 1994. Kwa maneno ya nyimbo waliiendea Kalevala, utenzi wa taifa lao, wakaimba kutoka tafsiri yake ya Kiingereza. Ngurumo ni ya Tomi Koivusaari. Tena hapa na pale husikika sauti laini ya mwimbaji mwingine, pamoja na kinanda.

Na huo utenzi ulitoka wapi? Ulitoka vinywani mwa wazee. Daktari mmoja, Elias Lönnrot, alianza mwaka 1828 kutembea vijijini akiandika nyimbo walizoziimba wakulima na wavuvi. Akaziunga pamoja, akazichapa mwaka 1835. Na mwaka 1849 akatoa kitabu kikubwa zaidi chenye nyimbo 50 na mistari 22,795. Daktari huyo huyo alifanya kazi pia ya kutengeneza nyimbo za ibada za kanisa lake la Kilutheri. Mkono uleule uliandika habari za Väinämöinen, mzee mwenye uganga wa kuimba, na sifa za Mwenyezi Mungu, wala hatusikii kwamba ulikauka.

Tena kabla yake alikuwako Mikael Agricola, aliyefasiri Agano Jipya kwa Kifini mwaka 1548. Alipotoa Zaburi mwaka 1551, aliandika katika utangulizi orodha ya miungu ya kale ya watu wake, ili kuwakemea walioiabudu. Lakini tazameni: kwa kuandika majina yale ili ayakemee, aliyahifadhi. Mchungaji aliyetaka watu waiache miungu ndiye aliyetuachia majina yake.

Turudi kwenye albamu. Wimbo mmoja wahusu msichana aliyezama. Katika utenzi huo kijana Joukahainen anashindana na mzee Väinämöinen kwa kuimba, anashindwa, anadidimia katika kinamasi. Ili ajiokoe anamwahidi mzee yule dada yake, Aino. Mama yao anafurahi kupata mkwe mwenye sifa, anamwambia binti avae mapambo aache kulia. Aino anakwenda pwani, anazama. Ndipo mama analia, na kuwaonya akina mama wengine wasiwashurutishe binti zao. Wasomaji, hapo mungu yupi anaabudiwa? Sisi tulimwona mzazi aliyeuza mtoto kwa ajili ya heshima ya nyumba. Mzazi huyo hayuko Ufini peke yake.

Hatusemi kwamba hofu ya wazazi ni bure. Huko Norwei, kuanzia mwaka 1992, makanisa kadhaa yalichomwa moto, na baadhi ya wapiga muziki wa tawi jingine la metali walihukumiwa kwa makosa hayo. Wapo wanaochukua miungu ya kale ili wapate sababu ya kuchukia. Kwa hiyo kipimo chetu kiwe hiki: tusiulize kwanza jina gani limetajwa, bali goti limepigwa wapi, na jirani amefanyiwa nini. Biblia yenyewe yamtaja Baali na Dagoni, wala hatuwaabudu tunaposoma. Na Mtume Paulo, aliposimama Athene, hakuona haya kutumia maneno ya washairi wa Wayunani.

Sasa tuungame. Tulipotoka chuo cha ualimu tulikuwa na bidii nyingi na hekima kidogo. Siku moja msichana darasani alisimulia hadithi ya mzimu wa bwawa, aliyopewa na bibi yake. Tulimpigisha magoti mbele ya wenzake, tukasema hayo ni ya gizani. Miaka mingi baadaye tulikutana naye msibani, sasa ni mama wa watoto wanne, tukamwomba atusimulie ile hadithi. Akasema, "Mwalimu, nimeisahau. Tangu siku ile sikumwuliza bibi tena." Bibi alikuwa amekwisha kufa. Labda hadithi ile ilikuwa na Aino wake. Hatutajua.

Kalevala imefasiriwa hata kwa Kiswahili, na Jan Knappert. Hivyo wimbo wa wazee wa Ufini twaweza kuusoma kwa lugha yetu, lakini ule wa bibi wa kijiji chetu hatuwezi.

Mwisho wa utenzi huo ni wa ajabu. Bikira aitwaye Marjatta anazaa mtoto. Väinämöinen anahukumu mtoto auawe, lakini mtoto anasema na kumkemea, kisha anabatizwa awe mfalme. Mzee anaondoka kwa mashua ya shaba. Lakini kinanda chake cha nyuzi, kantele, na nyimbo zake, anawaachia watu.

Tumemruhusu mjukuu wetu aendelee kusikiliza, kwa sauti ya chini baada ya saa mbili usiku. Naye tumempa kazi: aende kwa nyanya yake mkubwa pamoja na daftari. Nanyi wenye wazee nyumbani, msikawie.